Ulimi wa Mgeni Katika Sinema za Kifaransa



Wako watu wasemao kwamba asiyetamka lugha kama mwenyeji hafai kusimama mbele ya watu na kuigiza. Neno hilo nalisikia sana hapa shuleni, nami napenda kulijibu kwa mifano ya Wamarekani waliocheza katika sinema za Kifaransa. Baadhi ya sinema hizo mwalimu wetu wa Kifaransa ametuonyesha siku za Jumamosi, na habari nyingine nimezisoma.

Kwanza nitamtaja Jean Seberg. Alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Marshalltown, jimbo la Iowa. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alichaguliwa na Otto Preminger miongoni mwa wasichana wapatao 18,000, ili acheze sehemu ya Mtakatifu Joan katika sinema iliyotoka mwaka 1957. Wahakiki wa magazeti walimsema vibaya sana. Mtu mwingine angalirudi kwao akanyamaza, lakini yeye alikwenda kukaa Ufaransa. Mwaka 1960 ilitoka sinema ya Jean-Luc Godard iitwayo À bout de souffle. Humo Seberg, pamoja na Jean-Paul Belmondo, acheza sehemu ya Patricia, msichana wa Kimarekani auzaye gazeti la New York Herald Tribune katika barabara ya Champs-Élysées. Kifaransa chake chajulikana mara moja kuwa ni cha mgeni, na Godard hakukificha. Hata mwisho kabisa, yule kijana akiisha kufa njiani, Patricia auliza maana ya neno moja la Kifaransa asilolijua. Sinema hiyo ilipata sifa duniani, na wanaoipenda huipenda pamoja na lafudhi ile.

Mara nyingi herufi inayomfichua Mmarekani asemapo Kifaransa ni "r". Mfaransa huitoa nyuma ya kinywa, karibu na koo. Mmarekani huukunja ulimi wake. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwani herufi hiyo hiyo ndiyo inifichuayo mimi. Kwetu, kando ya Ziwa Victoria, wengi wetu "r" na "l" hubadilishana viti vinywani mwetu bila kutuuliza. Muhula huu nimetia jina langu kwa mchezo wa kufunga mwaka, nami nimekwisha kuambiwa na wenzangu, kwa wema tu, kwamba sehemu itakayonifaa ni ya mlinzi wa lango, maana nikifungua kinywa watu watacheka. Siidharau kazi ya ulinzi. Baba yangu mdogo ndiyo aifanyayo, na kwa mshahara wake amesomesha watoto wanne. Lakini katika michezo yetu mlinzi hupewa lafudhi ya bara ili achekwe, wala si ili asikilizwe.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana lafudhi yaweza kumfungulia mtu mlango, kisha ikamfungia humo ndani. Mtazameni Eddie Constantine. Huyu alikuwa mwimbaji, mzaliwa wa Los Angeles, aliyekwenda Paris baada ya Vita Kuu ya Pili na kuimba pamoja na Edith Piaf. Mwaka 1953 alipewa sehemu ya Lemmy Caution, mpelelezi wa Kimarekani, katika sinema La Môme vert-de-gris. Wafaransa walimpenda mno, uso wake wenye makunyanzi na ulimi wake mzito. Akairudia sehemu hiyo mara nyingi. Mwaka 1965 alikuwa Lemmy Caution katika Alphaville ya Godard, na mwaka 1991, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikuwa Lemmy Caution tena. Hiyo ni miaka 38. Hapana shaka alipata riziki yake, lakini jina lile lilimganda kama kupe.

Habari ya Josephine Baker ni nzito zaidi. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1906 na kufika Paris mwaka 1925. Katika sinema Zouzou ya mwaka 1934 yeye ndiye nyota, lakini kijana ampendaye, aliyechezwa na Jean Gabin, ampenda msichana mwingine. Katika Princesse Tam-Tam ya mwaka 1935 yeye ni msichana maskini wa Tunisia, naye mwandishi wa Kifaransa amfundisha adabu ili apite kama binti mfalme. Watu walifurahi akiimba na kucheza ngoma, lakini hawakumwandikia sehemu ya mtu achaguliwaye. Hata hivyo Baker alipata uraia wa Ufaransa mwaka 1937, akawasaidia wapinzani wa Wajerumani wakati wa vita, na mwaka 2021 taifa likamheshimu katika Panthéon, pamoja na mashujaa wake. Taifa lilimpa nafasi ambayo sinema zilimnyima.

Lakini mlango huo si wa chuma. Jodie Foster, Mmarekani aliyesoma katika shule ya Kifaransa mjini Los Angeles, alicheza mwaka 2004 katika Un long dimanche de fiançailles ya Jean-Pierre Jeunet. Hakupewa sehemu ya Mmarekani. Alikuwa mke wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza, mwenye huzuni yake kama wanawake wengine.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafaransa walipata faida kwa wageni hawa, nasi twaweza kupata faida kwa ndimi zote zilizomo katika mabweni yetu. Basi nawaomba viongozi wa chama cha michezo ya kuigiza: kabla ya kugawa sehemu, mtusikilize sote tukisoma maneno ya mfalme, ya hakimu, na ya mama aliyefiwa. Mwenzangu akinishinda kwa kuigiza, nitampigia makofi. Kwa upande wangu, mazoezi ya "r" na "l" nayafanya kila asubuhi kabla ya kengele. Lakini msisahau kwamba hata mfalme aweza kuwa mzaliwa wa kando ya Ziwa.