Guangzhou, Kutoka Kalkuleta Hadi Simu

Mwaka 2006, nilipoanza kufuatana na shangazi yangu kwenda Guangzhou, China, kuchukua mikoba na viatu, safari ilipimwa kwa idadi ya maduka uliyoingia. Aliyerudi Kariakoo akasimulia ghorofa zote alizopanda alihesabiwa mjanja. Aliyekaa mahali akanywa kitu alihesabiwa mtalii. Nikimwomba tupumzike kidogo, shangazi alikuwa na jibu moja: "Chai utakunywa kwenu, mwanangu."

Alikuwa na sababu zake. Viza ilikuwa fupi, chumba kililipiwa kwa usiku, na duka letu la Kariakoo, Mtaa wa Kongo, tulimwachia kijana ambaye hakumwamini sana. Kwa hiyo tulikimbia. Kutoka Baiyun, uwanja wa ndege uliofunguliwa 2004, teksi ilitupeleka moja kwa moja mtaa wa Xiaobei, na pale karibu na jengo la Tianxiu ulisikia Kiswahili, Kilingala na Kiigbo kabla hujasikia Kichina. Asubuhi tulikuwa Sanyuanli kwenye masoko ya mikoba. Mchana tulihamia Zhanxi, jirani na stesheni kuu ya gari moshi, kwa viatu. Alasiri ilikuwa ya Mtaa wa Yide, kwenye urembo, midoli na mapambo ya sherehe. Usiku tulirudi Xiaobei kula tambi za nyama kwa Waislamu wa Kihui, huku shangazi akijumlisha na kutoa kwenye daftari lake, dola zikiwa zimefungwa kiunoni chini ya gauni.

Mazungumzo yote yalipita kwenye kalkuleta. Muuzaji anaandika 45, anakusogezea. Shangazi anafuta, anaandika 20, anairudisha. Muuzaji anashika kichwa, anacheka, anaandika 38. Kulikuwa na dada mmoja wa duka la mikoba ambaye kwa miaka mingi hatukuwahi kuongea naye sentensi nzima kwa lugha yoyote, lakini tulijuana. Akibonyeza haraka haraka, bado ana nafasi ya kushuka. Akibonyeza taratibu, amefika mwisho, na ukiendelea kung'ang'ania anakugeuzia mgongo apange mikoba yake.

Picha ilikuwa marufuku. Ukitoa kamera tu, unapigiwa kelele, kwa kuwa kila duka lilihofia mtindo wake kuigwa na duka la jirani. Basi tulichora. Daftari la shangazi lilijaa mikoba iliyochorwa kwa kalamu ya wino, na vishale vya kuonyesha zipu ilipo na bizimu ya rangi gani. Bado ninalo, na baadhi ya michoro ile hata yeye mwenyewe hakuielewa tulipofika nyumbani.

Mji wenyewe, wenye umri wa zaidi ya miaka 2,200, tuliujua kwa ngazi za masoko yake tu.

Kilichoanza kubadilika ni usafiri. Guangzhou ilikuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Asia ya Novemba 2010, na treni za chini ya ardhi zilifunguliwa moja baada ya nyingine: kituo cha Xiaobei mwishoni mwa 2009, njia ya kwenda uwanja wa ndege Oktoba 2010, na mwezi uliofuata njia ya Foshan, iliyowafaa sana wenzetu wa fanicha na vigae. Tuliokuwa tukikwama kwenye foleni ya teksi sasa tulikuwa na saa kadhaa za ziada kila siku. Shangazi alizitumia kuingia maduka mengine.

Fedha ndiyo iliyomkalisha chini. Hadi Julai 2005 dola moja ilibadilishwa kwa yuan 8.28. Kufikia 2014 ilikuwa inapata yuan sita na kidogo tu. Dola zilezile, mikoba imepungua. Haikufaa tena kukimbilia kila cha bei rahisi, kwani mkoba unaokatika mkanda mwezi wa kwanza unakula faida ya mikoba mitatu. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akivuta kiti dukani, anavuta mshono kwa kucha, ananusa gundi, anafungua na kufunga zipu kama mtu asiye na haraka.

Kisha ikaja simu. Programu ya ujumbe ya WeChat ilianza 2011, na baada ya miaka michache yule dada aliyekuwa akipiga kelele kwa sababu ya kamera alikuwa ananitumia picha ishirini kabla sijanywa chai, nikiwa Dar es Salaam. Tulianza kuagiza tukiwa Kariakoo. Wakala, Mtanzania anayeishi kulekule, anakusanya mzigo ghalani, anaupima kwa CBM, yaani mita za ujazo, anauingiza kwenye kontena la kuchanganya, nawe unasubiri bandarini. Wengi walijiuliza nauli ya ndege ni ya nini tena.

Aliyeendelea kwenda alikuta taabu mpya. Tunaotoka kwenye nchi ambazo hata muuza mahindi anapokea M-Pesa tulisimama mbele ya kibanda cha matunda na noti ya yuan 100, na mwenye kibanda hana chenji, anaonyesha karatasi ya kuskani. Malipo ya simu ya huko yalitaka akaunti ya benki ya China, na mgeni wa siku chache ataitoa wapi? Nafuu ya kweli ilikuja 2023, kadi za benki za kigeni zilipoanza kupokelewa kwa upana kwenye Alipay na WeChat.

Katikati ya hapo kuna 2020. China ilifunga mipaka kwa wageni mwishoni mwa Machi, na Aprili Waafrika waliokuwa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona, wengine wakalala barabarani. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kupinga. Mipaka ilifunguliwa tena Januari 8, 2023. Wengine waliofahamika Xiaobei hawakurudi, na mtaa umepoa. Shangazi naye hakurudi. Anasema magoti, lakini Aprili ile hajaisahau.

Mimi ninakwenda, na ninakwenda kwa namna ambayo yeye angeiita uvivu. Bidhaa nimeshaziona kwenye simu kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo siku zangu za kwanza ninazitumia ghalani, ninachana katoni na kulinganisha kilichomo na sampuli. Picha haina harufu ya plastiki mbovu wala haikuambii kishikio kitavumilia uzito gani. Halafu ninakaa na yule dada. Ananimiminia chai kwenye vikombe vidogo, anaongea Kichina kwenye simu, simu inanitolea Kiswahili cha ajabu, tunacheka. Bei ninayopata baada ya chai hiyo sijawahi kuipata kwa ujumbe. Naamini kwa sasa hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kukata tiketi: mzigo kuuona kwa macho na mtu kumwona ana kwa ana.

Saa nazo ninazijua vizuri zaidi. Kariakoo ikifungua saa tatu asubuhi, Guangzhou ni saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi yote hakuna simu ya nyumbani. Ukiamka mapema unaweza kuwahi soko la nguo la Shahe, linaloanza kabla ya alfajiri, au ukatembea kisiwa cha Shamian chini ya miti mikubwa, mbele ya majengo waliyoyaacha Waingereza na Wafaransa. Ijumaa siiuzi kwa chochote. Karibu na Bustani ya Yuexiu, si mbali na Zhanxi, upo msikiti wenye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanasema alizikwa Madina, lakini hilo haliwapunguzi watu. Baada ya swala, nje kunachomwa mishikaki, na unasalimiana na Wasomali, Wahui na vijana wa Zanzibar wanaosoma huko. Shangazi alipita eneo lile kwa teksi miaka yote.

Kwa mwenye siku chache, epuka kufika Aprili 15 au Oktoba 15, Maonyesho ya biashara ya Canton yanapofunguliwa Pazhou na vyumba kupanda bei, labda uwe umefuata maonyesho yenyewe. Kama unakwenda Januari au Februari, muulize wakala kwanza tarehe ya Mwaka Mpya wa Kichina: viwanda hufungwa, na mzigo ambao haujatoka unasubiri hadi wafanyakazi warudi kutoka vijijini kwao.