Neno la Maji Katika Vibao vya Wahiti

Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Boğazköy, katika nyanda za juu za Anatolia, tangu mwaka 1906, vilikuwa na jambo la ajabu: viliweza kusomwa lakini havikuweza kufahamika. Mwandiko wake ulikuwa ule wa kabari, ambao wanazuoni walikwisha kuujua kwa kusoma habari za Babeli na Ashuru. Hugo Winckler, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji ule pamoja na Theodor Makridi wa makumbusho ya Istanbul, alipata vibao na vipande vya vibao kwa maelfu. Vile vya Kibabeli vilimwambia upesi kwamba mahali pale palikuwa Hattusa, mji mkuu wa wafalme wa Wahiti. Vingine vilitamkika kwa kinywa tu, kama mtoto wa chuoni asomavyo kwa sauti nzuri maneno ambayo maana yake hajafundishwa. Winckler alikufa mwaka 1913, na fumbo lile lilikuwa bado halijafumbuliwa.

Mnorwe mmoja, J. A. Knudtzon, alikuwa amelikaribia. Mwaka 1902 alizichungua barua mbili za lugha iyo hiyo zilizopatikana Misri, akasema ya kuwa lugha hii ina ujamaa na Kiyunani, Kilatini na ndugu zao. Alipingwa sana, hata mwenyewe akaingiwa na shaka. Si ajabu. Kudai kwamba jirani za Babeli walisema lugha ya ukoo mmoja na zile za Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, ni kudai jambo kubwa, na ushahidi wa barua mbili ulikuwa haba.

Bedřich Hrozný, Mcheki aliyefundisha Vienna, alikuwa mtaalamu wa lugha za Kisemiti. Katika sentensi moja aliiona alama ya Kisumeri yenye maana ya mkate, kwa maana waandishi wa Wahiti walikuwa na desturi ya kuazima alama za Kisumeri. Panapo mkate hapakosi kula. Karibu na alama ile palikuwa na neno ezzateni, na Kijerumani kina essen, Kilatini kina edere, yote mawili maana yake kula. Mbele kidogo palikuwa na watar, na hapo hata asiye mwanazuoni angeyakumbuka maji katika Kiingereza au Kijerumani. Kisha likaja ekuteni, lenye mwisho ule ule wa ezzateni: mtakula, mtakunywa.

Wengi waisimuliapo habari hii huishia hapo, na hapo ndipo wanapoiharibu. Mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi kitu. Kiajemi kina neno bad, maana yake mbaya. Kiingereza nacho kina bad, maana yake mbaya. Wala maneno hayo hayana asili moja. Ushahidi wa watar uko mahali pengine, tena mahali pasipopendeza sana kusimuliwa. Wahiti waliposema “ya maji” hawakusema kwa r, walisema wetenas, kwa n. Badiliko hili la r kuwa n ni ukombo wa kale, na Kilatini kinao katika neno la paja, femur, ambalo katika umiliki huwa feminis. Neno huweza kusafiri na wafanyabiashara. Ni vigumu mno kusadiki kwamba ukombo wa namna hiyo nao ulisafiri. Tena vitenzi vya Kihiti vilikuwa na miisho -mi, -si, -zi kwa mimi, wewe na yeye, kwa utaratibu ambao Kiyunani na Kisanskriti vinaujua.

Hrozný alitangaza habari zake Berlin mwezi Novemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto, akatoa kitabu mwaka 1917. Kitabu hicho kilikuwa na ulinganishaji uliopita kiasi. Mwaka 1920 Ferdinand Sommer alisisitiza ya kuwa maana ya neno la Kihiti yapasa kutafutwa kwanza ndani ya vibao vyenyewe. Msingi, hata hivyo, haukutikisika.

Ukapata nguvu kutoka upande usiotazamiwa. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, alipokuwa kijana tu, alikuwa amekata shauri kwa hesabu ya irabu peke yake kwamba lugha mama ya jamii hii ilikuwa na sauti ambazo hazikubaki katika lugha yo yote iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba h ya Kihiti imekaa katika baadhi ya mahali pale palipoachwa wazi: hastai, mfupa, kwa Kiyunani osteon, hant, paji la uso, kwa Kilatini ante, mbele. Saussure hakuliona hilo. Alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1913.

Hrozný naye, aliyefariki mwaka 1952, alijaribu uzeeni kuisoma miandiko ya Krete na ya bonde la Indus. Wanazuoni hawakuukubali usomaji ule. Kule hakuwa na alama ya mkate ya kumshika mkono, wala wetenas ya kumsahihisha.

Kishawishi hicho kipo hata kwa achunguzaye asili ya maneno pwani ya Afrika ya Mashariki. Mvinyo ni vinho ya Wareno, na vinho ni vinum ya Kilatini. Mpaka hapo njia ina alama wazi. Kihiti kina wiyana, divai iyo hiyo. Lakini Kiebrania kina yayin, na Kijojia kina ghvino, na wataalamu wangali wakibishana ni nani aliyempa nani.