Usihame kwa Sababu ya Orodha

Lodwar,
Januari.

Mpwa wangu mpendwa,

Baba yako alinipigia simu akaniambia unataka kuondoka shuleni hapo Kakuma kabla ya kuanza kidato cha nne. Anasema umeona orodha kwenye WhatsApp, shule yenu inaburura mkia, na ipo shule ya binafsi upande wa Kitale iliyo tayari kukupokea. Nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia, maana jambo hili lina hesabu ndani yake, na hesabu huonekana vizuri kwenye karatasi.

Orodha hiyo usidhani imetoka serikalini. Mwaka 2014 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Jacob Kaimenyi, alifuta utaratibu wa kutangaza shule na watahiniwa kwa nafasi. Hamu ya watu haikufutika. Kila matokeo yakitoka, magazeti hukusanya wastani wa shule moja moja na kuzipanga, na wengine hupanga za kwao kwenye simu. Shule iliyofurahia matokeo yake huyapeleka mbio, iliyohuzunika hunyamaza. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza nani wa kwanza, uliza nani hayumo.

Sasa chukua kalamu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, A ina pointi 12, A- ina 11, hivyo hivyo kushuka hadi E yenye pointi 1. Ukijumlisha pointi za watahiniwa wote wa shule ukagawanya kwa idadi yao, unapata wastani wa shule. Hakuna siri nyingine. Tuseme wasichana watano wamefanya mtihani: mmoja amepata B, yaani 9, wa pili C+ yenye 7, wa tatu C yenye 6, wa nne D+ yenye 4, wa tano D- yenye 2. Jumla ni 28, wastani 5.6. Sasa waondoe wawili wa mwisho kabla ya mtihani. Wanabaki watatu wenye pointi 22, na wastani unaruka hadi 7.3. Hakuna aliyefundishwa zaidi, hakuna kitabu kilichonunuliwa, hakuna mwalimu aliyeongezwa. Wawili wameonyeshwa mlango, basi.

Nimefundisha hesabu miaka mingi na jambo hili limeniuma kuliko yote. Wapo wanaoambiwa warudie kidato, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza. Wapo wanaosajiliwa katika kituo kingine cha mtihani ili gredi zao zisiguse jina la shule. Hao ni watoto wa watu, wamelipiwa karo kwa mbuzi na kwa mkopo. Kwa hiyo ukiona shule imepanda ghafla, tafuta kwanza idadi ya waliokuwa kidato cha tatu, uilinganishe na ya waliofanya mtihani mwaka uliofuata.

Kisha kuna mlango wa kuingilia. Shule za kitaifa zilikuwa zikichagua kwanza. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwa na jumla ya alama 500, ziliwachukua wa juu, kisha zikafuata za kaunti, na shule za kutwa za kaunti ndogo zikapokea waliobaki. Mbuzi waliotembea kwa miguu kutoka Lokichoggio hufika sokoni wamekonda kuliko waliopakiwa lori, na hilo halimfanyi mchungaji wao kuwa mvivu. Shule iliyompokea mtoto akiwa chini kabisa ikamtoa na C imefanya kazi kubwa kuliko iliyompokea yule wa alama 400 ikamtoa na B. Orodha yako haina safu ya kuonyesha hilo.

Na hapo Kakuma ndipo hali inapokuwa nzito zaidi, wewe unaiona kila siku. Kambi ipo tangu 1992. Darasa moja lina wenzako waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, na sisi Waturkana wenyeji. Mmoja alianza shule kwa Kiarabu, mwingine kwa Kifaransa, kisha wote wanakaa kwenye mtihani mmoja na mtoto wa Nairobi aliyesikia Kiswahili na Kiingereza tangu utotoni. Baadhi ya walimu wenu nao ni wakimbizi, wanalipwa posho tu. Wastani wa shule ya namna hiyo hauwezi kusomwa kama wastani wa shule yoyote ile.

Hata gredi yenyewe hubadilika uzito. Mwaka 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i alipokaza usimamizi wa mtihani, wakawa 141. Watoto wa Kenya hawakupoteza akili ndani ya miezi kumi na miwili. Tena tangu 2023 gredi ya mtahiniwa hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo anayelinganisha wastani wa miaka ya kabla na baada ya hapo aende polepole.

Wewe unataka uuguzi. Cheti chako hakitaandikwa kwamba shule yenu ilikuwa ya ngapi. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, watatazama gredi yako, na gredi za masomo yanayohusiana na kozi unayoomba. Mlango wa shahada ni C+, yaani kuanzia pointi 46 kati ya 84. Ukikosa hizo, stashahada ina mlango wake, na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kipo hapa hapa Lodwar. Kwa hiyo kuliko kuuliza shule ni ya ngapi, uliza ni wangapi walipata C+ na zaidi. Shule ya watahiniwa 20 ikiwa na 12 wa C+ huenda ikawa juu kwenye orodha kuliko ya watahiniwa 240 yenye 80. Lakini ile ya pili imefungulia wasichana wengi zaidi njia.

Sisemi shule yenu haina kasoro. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, umwombe kwa adabu akuonyeshe matokeo ya miaka mitatu, somo kwa somo. Tazama Biolojia na Kemia kwanza. Hesabu X, hao hawakufika kwenye mtihani. Hesabu Y, hao matokeo yao yalifutwa kwa udanganyifu. Kama Kemia inashuka kila mwaka na mmekaa muhula mzima bila mwalimu wake, hiyo ni sababu ya kweli ya kuhama, na mimi mwenyewe nitamsemesha baba yako. Ile shule ya Kitale nayo iulize hayo hayo, na uongeze: waliosajiliwa kidato cha tatu walikuwa wangapi? Wakikataa kujibu, umeshajibiwa.

Usajili wa KCSE hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo muda ni mfupi. Mwambie baba yako asiuze mbuzi wala asitume pesa ya nafasi Kitale mpaka uwe na matokeo hayo mkononi. Yapige picha unitumie, nami nitayapitia usiku huo huo.

Wako akupendaye,
Shangazi