Israfu Inayoliwa



Juma hili tumeona tuyaweke kando masuala ya mirathi tuliyokuwa nayo, tuzungumze juu ya tumbo. Na tumbo tutakaloanza nalo ni letu wenyewe, kwani si insafu mtu kuyanyooshea kidole matumbo ya wenziwe ilhali lake yeye humtangulia kuingia mlangoni.

Mwaka jana katika mwezi wa Shaabani tulipimwa tukakutwa na kilo 104. Hatukwenda zahanati kwa ajili ya uzito. Tulikwenda kwa maumivu ya magoti, maana ilikuwa imefika hadi kuinuka kutoka katika sijda kwahitaji tujishike paja kwa mkono, na Tarawehe zilikuwa njiani zaja. Daktari, kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo, hakuyashughulikia sana magoti. Alitutaka turudi asubuhi ya pili bila ya kula kitu, akachukua damu, akatwambia kuwa sukari ni 6.6. Tukamuuliza kama huo ni ugonjwa. Akajibu kwa adabu zake zote: "Sheikh wangu, ikifika 7, na ikirudiwa ikawa hivyo hivyo, hapo twasema ni kisukari. Hujaingia nyumba hiyo, lakini mkono umeshashika kitasa."

Nyumba hiyo sisi twaijua. Kaka yetu mkubwa anakaa humo mwaka wa kumi na sita sasa. Jeraha dogo la kidole cha mguu, ambalo hakulihisi kwa kuwa sukari ilikwisha kuziua hisia za nyayo, lilipanda na kupanda hata madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Leo akija msikitini kwa magongo yake huacha ndara moja mlangoni. Watoto wa madrasa wameshaizoea, huisogeza pembeni isikanyagwe. Sisi hatujaizoea.

Daktari hakututaka tuwe wembamba. Alitutaka tupunguze kilo saba tu. Alitusimulia kuwa huko Marekani watu zaidi ya elfu tatu waliokuwa katika hali kama yetu, sukari imepanda na bado haijawa maradhi, waligawanywa makundi. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi mfano wake kwa dakika 150 kila juma. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002 ilionekana kuwa watu wa kundi hilo waliepukana na kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa dawa yenyewe, na kundi lililopewa vidonge vya metformin kwa asilimia 31. Yaani miguu na sahani vilifanya kazi kuliko kidonge. Tukatoka pale tukiwa na furaha, kama mtu aliyeambiwa deni lake ni dogo kuliko alivyodhani.

Ramadhani ikaingia na kutoka. Hatutaki kuieleza sana. Mwenye kuijua meza ya futari ya pwani, na viazi vya karai, na sambusa, na kaimati zilizolala katika shira, na tambi za sukari, na muhogo wa nazi, ataelewa kwa nini mtu aweza kufunga mwezi mzima na akaipokea Idi akiwa ameongezeka kilo mbili.

Katika Shawwal tukaanza kwa nguvu. Tulijidanganya kuwa mtu aliyezoea kufunga tangu utotoni hawezi kushindwa na sahani ya wali. Siku tisa tulikula matango, samaki wa kuchoma na chai kavu, na siku tisa hizo wanafunzi wetu wanazikumbuka kwa ukali wetu. Siku ya kumi tulialikwa walima. Sinia la biriani likawekwa baina ya watu wanne, mwenyeji akawa atusukumia nyama upande wetu kwa mkono wake, na sisi tukala kama mfungwa aliyefunguliwa. Tuliporudi nyumbani tukamgeuzia hasira mama watoto. Tulimwambia kuwa ni tui lake na mafuta yake yaliyotufikisha hapa. Maneno yale twaona haya kuyaandika, lakini tumeyaandika kwa sababu twajua hayakusemwa nyumbani kwetu peke yake.

Hakujibu. Kesho yake baada ya chakula cha mchana alisema: "Maalim, leo usiende barazani. Kaa nami jikoni kidogo."

Tukakaa. Nyumbani kwetu tu watu saba. Watoto walikuwa wamekwisha kuinuka, kila mmoja ameacha sahani yake: hapa tonge mbili za wali, pale nusu ya chapati, pale mchuzi na kipande cha kiazi. Mama yao alikuwa amekwisha kula. Akavuta kibao, akakaa, akaanza kuzimaliza sahani moja baada ya moja, bila ya hamu, kama mtu anayekunja nguo. Tukamuuliza kwa nini anakula na ameshashiba. Akatutazama.

"Si wewe uliyetufundisha? Mwaka tuliooana ulisema juu ya mimbari kuwa kutupa chakula ni israfu, na kuwa tutaulizwa. Tangu siku ile sijatupa. Nala sahani yangu, kisha nala za wanao. Miaka ishirini na nne."

Kisha akatwambia jambo la pili, ambalo hakuwa amelisema kwa kuchelea kututia wasiwasi: yeye naye alikuwa amepimwa presha, imekutwa juu, na muuguzi alimwambia apunguze uzito. Miezi minne alikuwa akilificha.

Wasomaji wetu, tumehutubia Ijumaa nyingi. Hatukuwahi kuiona khutba yetu ikirudi kwetu kwa sura ile. Aya ya 31 katika Suratul A'raf imekusanya pamoja amri ya kula na kunywa na katazo la israfu. Sisi, Mola atusamehe, kila tulipoisoma macho yetu yalikwenda kwenye pipa la taka. Lakini aya inazungumza juu ya kula! Tonge ambayo mwili hauihitaji haikuokolewa na israfu kwa kupitishwa kooni. Imepotea kama ingepotea jaani, na zaidi ya hapo imepanda kwenye mishipa ya mama wa watu. Na ile hadithi ya theluthi tatu aliyoipokea Miqdam na kuipokea Tirmidhi, ya chakula na kinywaji na pumzi, sisi hupenda kuitaja kutoka katikati. Mwanzo wake ni kuwa tonge chache za kuusimamisha uti wa mgongo zamtosha mwanadamu. Theluthi inakuja baadaye, kwa asiyeweza kujizuia. Sisi tumeufanya ule mpaka wa mwisho kuwa ndiyo mahali pa kuanzia, na bado tunauvuka.

Asije mtu akasema Sheikh ameruhusu chakula kitupwe. La. Tunasema makosa hayatendeki kwenye sahani wakati wa kuosha. Yametendeka saa moja kabla, kwenye sufuria. Mama watoto ana kopo la maziwa ya unga analopimia mchele. Kwa miaka alikuwa akitia makopo sita, kwa kuwa mama yake alitia sita, na kwa kuwa huenda akatokea mgeni. Tukakubaliana atie manne. Juma la kwanza aliona aibu, akaweka mkate tayari kwa ajili ya huyo mgeni. Mgeni hakutokea. Kila mtoto akawa anapakuliwa kidogo na kuruhusiwa kurudia, badala ya kujaziwa akaacha. Kinachobaki sufuriani, ambacho hakijaguswa na mkono wa mtu, kinaingia katika friji au kinapelekwa kwa jirani kikiwa bado cha moto. Sahani zikaanza kurudi jikoni tupu, na mama akaacha kula mara mbili.

Hapo ndipo tulipoanza kupungua. Matango hayakuhusika.

Ama sukari, hiyo ilikuwa yetu sisi. Tulikuwa tukinywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4. Tulipiga hesabu ubaoni mbele ya wanafunzi wa darasa la juu: gramu 60 kwa siku, na kwa mwaka karibu kilo 22. Mtoto mmoja akauliza kama Sheikh anakula mfuko mzima peke yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 liliwashauri watu wazima wasizidishe kiasi cha gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana ziwe chini ya 25, na humo imo sukari ya soda na sharubati na kaimati, si ya chai pekee. Hatukuacha kwa siku moja. Kila baada ya majuma mawili tuliondoa nusu kijiko, tukaongeza iliki na tangawizi, na sasa tuko kwenye kijiko kimoja na vikombe vitatu. Kahawa ya barazani haina lawama, ni chungu. Lawama iko kwenye sahani ya halua inayowekwa kando yake.

Tui mama watoto hakuliacha, na hatungemtaka aliache. Mbaazi sasa huzipika kwa tui la pili, na lile zito hutia vijiko vichache mwisho, kwa harufu. Mahamri yamekuwa ya Ijumaa.

Kutembea kulikuwa na mushkili wake. Mwanamume akitoka baada ya Alfajiri kuelekea Mama Ngina hakuna amuulizaye. Mwanamke ana watoto wa kuvisha na chai ya kuandaa, na akitoka peke yake kuna macho. Tukapanga kuwa siku tatu kwa juma sisi tutawavisha watoto baada ya kurudi, na chai itasubiri. Majirani watatu wakajiunga naye. Hivyo ukipita njia ya baharini mapema utamwona Sheikh mmoja mnene akitangulia, na nyuma yake, kama hatua ishirini, kundi la mabuibui linalozungumza na kucheka na ambalo lingempita kama si kwa heshima. Siku nyingine yeye hupanda na kushuka ngazi za nyumba yetu, ambazo ni nyingi. Kwa wenzetu wenye mimba au wanaonyonyesha, huu si wakati wa kupunguza chakula bila ya kumuuliza daktari. Na anayemeza dawa za sukari aende akaulize sasa hivi, tukiwa bado katika Rajabu, namna ya kufunga, asingoje usiku wa kuandama mwezi.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni maneno. Kwetu sisi mtu akinenepa huambiwa mashallah, amependeza, ndoa imemkubali. Akipungua huulizwa ana nini. Miezi mitatu baada ya kuanza, ilienea kuwa Sheikh ni mgonjwa, na ilipoonekana anapanda ngazi bila ya kutweta habari ikabadilika: Sheikh anajitengeneza kwa mke wa pili. Mama watoto aliletewa habari hiyo na wanawake wawili kwa siku moja. Aliwapa chai isiyo na sukari.

Na karamu? Tumejifunza kukaa kwenye sinia pamoja na wazee, kwani hao hula taratibu. Mwenyeji akitusukumia nyama tunamega kidogo, tunamwombea dua kwa sauti ya kusikika, kisha tunaisogeza mbele ya jirani yetu. Hakuna mwenyeji aliyewahi kukasirika kwa dua. Lakini tunawaomba kina mama wenye kuandaa, kwani mlango huu wao ndio wenye ufunguo: mgeni akisema ameshiba, aaminiwe mara ya kwanza. Kumkirimu mtu si kumshinda.

Sasa imepita miezi tisa. Tuna kilo 98, si 97 alizotaka daktari, na kwa majuma sita mizani imekataa kusogea. Sukari ya asubuhi ni 5.8. Mama watoto amepungua kilo tano, na presha yake imeteremka ingawa dawa bado anameza. Tunasujudu na kuinuka bila ya kushika paja. Zipo siku tumeteleza, hasa katika safari ya Lamu ambayo tutaomba tusiulizwe.

Kaka yetu hula kwetu kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa iliyopita aliweka magongo ukutani, akakaa, akalitazama sinia, akauliza kama tumefilisika. Mama watoto akamwambia, "Shemeji, ale aliyenacho mbele yake, na asiposhiba aseme, sufuria iko jikoni." Alikula akamaliza, akalamba vidole. Tukamngoja aseme. Akaomba maji ya kunawa.