Saa ya Mazingaombwe Kwenye Nchi ya Chai

Ukiiona hii saa hutaitilia shaka. Ina mkanda mweusi wa ngozi, uso mweupe, mishale miwili bila ule mwembamba wa sekunde, na kitufe kidogo ubavuni cha kurekebishia majira. Ukiikuta kwenye meza ya mchuuzi pale steji ya Litein utadhani ni ya mia tano na utaanza kuomba upunguziwe. Ndani yake, hata hivyo, mna mota ndogo inayoisukuma mishale hadi pale mwenye saa anapotaka. Kuna na kidude kingine, ukubwa wa kifungo cha koti, kinachokaa mfukoni mwangu. Hicho ndicho kinachoongea na saa.

Si yangu. Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye mazingaombwe ndiyo kazi yake, aliniazima likizo yote ya Agosti niijaribu kabla ya kuamua kama nitaagiza ya kwangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mazingaombwe nayafanya wikendi, kwenye harusi na sherehe za kufunga shule, na bei ya saa hii inakula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Kwa hivyo sikutaka kuijaribu mbele ya kioo. Nilitaka kuijaribu mbele ya watu.

Mchezo wenyewe ni huu. Namwomba mtu akumbuke saa moja muhimu ya maisha yake: saa aliyozaliwa mtoto wake, saa aliyokosa basi ya kwenda kwa kazi. Nampa saa aishike, uso umelalia kiganja, na kiganja kingine juu yake. Halafu ataje ile saa yake kwa sauti. Akifungua viganja, anaikuta mishale imesimama papo hapo alipopataja. Mimi sijamgusa.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Aliyeitengeneza saa hii hakuwa na habari zetu. Kwake, mtu akisema tatu, mshale mfupi unaenda kwenye tatu, mambo yamekwisha. Kwetu mtu akisema saa tisa na dakika kumi na saba, mshale mfupi lazima upite tatu kidogo. Kuongeza sita au kutoa sita ni hesabu ya mtoto, lakini ifanye ukiwa unaongea, unatabasamu, na kidole kinabonyeza mfukoni, uone. Siku mbili nilikaa nyumbani nikimwomba binti yangu anitajie saa. Alivumilia mpaka siku ya pili jioni, kisha akauliza, "Baba, saa tatu ya Kiswahili ama ya Kizungu?"

Hilo swali ndilo lililonifunza zaidi ya kijitabu cha maelezo. Watoto wetu husoma saa kwa Kiingereza darasani na kwa Kiswahili nyumbani, na neno lilelile "tatu" lina nyumba mbili, moja ikitazamana na nyingine kwenye uso wa saa. Hesabu ya Kiswahili huanza na jua. Hapa Kericho tuko karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule Januari hadi Desemba, kwa hivyo kuhesabu siku kutoka jua linapotoka si ushamba, ni akili. Ila mtu anayevaa saa ya mkono amejifunza tangu utotoni kuangalia tatu na kutamka tisa bila kusita. Macho yanaona kimoja, mdomo unasema kingine, na hakuna anayejiona anadanganya.

Dawa niliyoipata ni swali moja. Mtu akitaja saa, namuuliza, "Jua lilikuwa wapi?" Akisema lilikuwa limeegemea mlima, najua ni ya alasiri, na ninajua anahesabu kwa lugha gani. Kumbe lile swali likawa zuri kuliko mchezo wenyewe. Watu hufumba macho. Wanarudi kule. Huko wakiwa bado, mota inafanya kazi yake.

Jaribio langu la kwanza la kweli lilikuwa kwenye kituo cha kununulia chai, karibu na kwetu, upande wa Kapkatet. Ilikuwa saa nane mchana, lori limechelewa, na kina mama wameketi kando ya magunia yao wakipunga upepo juu ya majani yasichemke. Mama yangu alikuwepo. Nikamchagua jirani yetu, nikampa saa, nikaanza maneno yangu.

Vitabu vya mazingaombwe hufundisha kwamba watu hufuata macho ya mchezaji: ukiangalia kulia, wataangalia kulia. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwahi kusimama kwenye kituo cha chai. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni. Wote waliangalia mikono. Kabla jirani hajamaliza kutaja saa yake, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, toa mkono mfukoni!" Wakacheka mpaka karani akatoka kuona kuna nini.

Nilipowaza baadaye niliona ni jambo la kutarajiwa. Mtu aliyechuma majani mawili na chipukizi tangu alfajiri, akabeba kikapu mgongoni, akapanga foleni, anajua kwamba siku yake yote itageuzwa kuwa namba moja kwenye mizani. Gunia linaning'inia, linayumba, namba inasomwa, na nusu kilo inaweza kupotea kati ya kuyumba na kusomwa. Miaka nenda miaka rudi wamefunza macho yao kukaa kwenye mkono wa anayepima. Mama alichukua ile saa, akaigeuza, akanirudishia. Yeye hakuwa amecheka. "Hii ni kama mizani," akasema. "Inasoma vile mwenyewe anataka."

Nilikihamishia kidude kwenye gambuti, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Hapo hakuna aliyewahi kukigundua, maana huku kwetu mwanamume mwenye gambuti mwezi wa nane hana la kujieleza. Lakini neno la mama lilikaa.

Baba wa mazingaombwe ya kisasa, Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, alikuwa fundi saa kabla ya kuwa mchezaji. Alizaliwa Blois mwaka 1805, mtoto wa fundi saa, na vidude vyake vingi vilitoka kwenye ujuzi huo wa magurudumu na springi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba maajabu ya Wafaransa yanawashinda mamarabuti wa huko, ambao serikali iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Alikuwa na kisanduku kidogo ambacho mtoto angeweza kukiinua. Akamwita mwanamume mwenye nguvu, akasema atamnyang'anya nguvu zake, na yule bwana akakishindwa kisanduku mbele ya watu wake. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Yeye mwenyewe ameandika kwamba baadaye wakalimani waliwaeleza watazamaji kuwa ni ustadi tu, si miujiza. Baadaye, yaani baada ya hofu kuwa imeshafanya kazi.

Hadithi hiyo huwa inasimuliwa kama sifa ya wachezaji. Mimi siwezi kuisoma nikiwa Kericho bila kufikiria Gwassi. Kwetu sisi Wakipsigis, mtu anayeonekana kujua yajayo ana jina, na si jina la kuchezea: orkoiyot. Walitoka ukoo wa Talai, na watu waliwaendea kabla ya vita, kabla ya kupanda, kabla ya safari. Miaka ya 1920 kampuni kubwa kutoka Uingereza zilianza kupanda chai kwenye milima yetu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwaondoa hao iliowaita Malaibon, na familia za Talai, wakubwa kwa wadogo, zikahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kulikuwa na joto, mbung'o na malaria. Wengine walifia huko. Huku hakuletwa fundi saa wa kushindana nao. Waliondolewa tu.

Kwa hivyo mtu akisimama Bomet au Kericho na kujidai anajua saa iliyo moyoni mwa mwingine, hasimami mahali patupu. Kuna wazee wanaosikia kitu ambacho rafiki yangu wa Nairobi hasikii. Kiswahili kimetuwekea maneno mawili, mazingaombwe na uchawi, na kazi yangu yote iko kwenye ule ukuta kati yao. Ukuta huo mimi ndiye fundi wake. Nikiulegeza kidogo ili nishangiliwe zaidi, hakuna atakayejua, isipokuwa yule utakayemwangukia.

Wikendi ya mwisho ya likizo nilialikwa kwenye koito, upande wa Bomet, niwachangamshe wageni wakati wazee wakiwa ndani na mazungumzo ya mahari. Mvua ilikuwa imepiga, ile yetu ya mchana yenye mawe, na watu wamebanana chini ya hema. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kogo mmoja mwenye leso kichwani. Alitaja saa mbili kasorobo. Nikamuuliza jua lilikuwa wapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lilikuwa limetoka, lakini ukungu ulikuwa haujaondoka kwa chai." Kidole gumba kikafanya kazi. Akafungua viganja. Hakupiga kelele kama wengine. Aliangalia tu ile saa, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha mtu mkubwa.

Baada ya chakula alinifuata nyuma ya jikoni.

"Mwalimu," akasema, "ile saa ndiyo kijana wangu aliondoka nayo nyumbani kwenda Saudia. Nimeona unajua. Sasa niambie atapiga simu lini. Sitaki mambo mengi. Siku tu."

Alikuwa na noti ya mia mbili imekunjwa ndani ya kiganja.

Kuna kanuni mbili tunazofundishwa. Ya kwanza, usiseme siri ya mchezo. Ya pili hailazwi kwenye maandishi sana, lakini kila mchezaji anaijua: mtu akitoka na ajabu lake, mwache nalo, usimharibie. Siku nyingine zote hizo ni kanuni nzuri. Ningeweza pia kumwambia "karibuni, kogo", neno ambalo halimdhuru mtu, na angeenda nyumbani ametulia. Angetulia wiki moja. Halafu angekaa karibu na simu wiki ya pili, na ya tatu angerudi kunitafuta na noti mbili.

Nikaketi kwenye jiwe, nikavua gambuti.

"Angalia hapa, kogo." Nikamwonyesha kidude. Nikamwekea saa mkononi, safari hii uso juu, nikabonyeza kwa kidole cha mkono. Mshale ukaanza kutambaa. Akaruka kidogo. Nikabonyeza tena, ukasimama. "Wewe ulisema saa mbili kasorobo kwa mdomo wako. Mimi nimeisikia kama wengine. Sijui kitu kuhusu kijana wako. Ningejua ningekuambia bure."

Alinyamaza kwa muda ambao sitaupima. Nilifikiri amekasirika, na angekuwa na haki. Kisha akauliza swali la mtu anayenunua mbuzi: "Na betri inakaa siku ngapi?"

Tulikaa pale kama nusu saa. Alinieleza habari za kijana, wakala aliyempeleka, namba ambayo siku hizi haiingii. Nikamwandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya: nakala ya pasipoti, jina la wakala na la mwajiri, kwenda kwa chifu, kupeleka habari kwa wizara ya mambo ya nje. Hakuna hata moja lililokuwa la ajabu. Ile noti aliirudisha ndani ya leso.

Tangu siku hiyo, kabla sijampa mtu saa, nasema waziwazi: huu ni mchezo, nimefanya mazoezi, sijui ya kesho na sijui ya moyoni mwako. Rafiki yangu alipigwa na butwaa nilipomwambia. Anasema ni kama kutangaza kwamba chai ina maji. Sijaona makofi yakipungua. Watu wanajua unawachezea, na bado mishale inapotokea pale waliposema wanashtuka, kwa sababu kushtuka hakuhitaji kuamini.

Saa nimeirudisha. Ya kwangu nitaagiza bonasi ya chai ya mama ikitoka, maana ameahidi kuchangia, kwa sharti kwamba nisiipeleke karibu na mizani.

Na kogo, siku ile kabla hatujaachana, aliniomba saa kidogo. "Nataka nimfanyie mzee wangu," akasema. Nikamfundisha vibonyezo, akaficha kidude ndani ya leso, akaenda hadi pale mzee wake alipokuwa ameketi na kikombe cha mursik. Akamwambia ataje saa yoyote. Mzee akasema saa sita kamili. Kogo akabonyeza, akahesabu kwa midomo, akamfunulia saa kwa fahari: mishale yote miwili imeelekea juu.

Mzee aliiangalia saa, akaliangalia jua lililokuwa likijitokeza chini ya mawingu upande wa magharibi, akairudisha.

"Hii imeharibika," akasema. "Sasa ni saa kumi."