Picha isiyo na tarehe

Wadau, salaam kutoka hosteli, ghorofa ya tatu, maji hakuna tangu juzi (hiyo siyo habari tena). Kuna walioniuliza mbona tangu nirudi fildi sijaandika kitu. Ukweli ni kwamba kuna jambo lilinitokea kule Sitalike na nilikuwa naona aibu kulisema. Leo nalisema. Wengi wenu mnasoma Jiografia na Ualimu kama mimi, na ni afadhali mcheke ya kwangu kuliko mlie ya kwenu.

Kwa wasiopajua, Sitalike ni kijiji kilichopo kusini mwa Mpanda mjini, kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga, mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Zamani huko kote kulikuwa mkoa wa Rukwa, tangu 2012 ni mkoa wa Katavi. Mto Katuma unapita hapo hapo kijijini, na viboko wake. Usiku umelala unawasikia wanakoroma utadhani kuna mtu anawasha trekta bovu. Kiangazi kikikolea maji yanabaki madimbwi, viboko wanabanana kwenye tope kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Sasa mimi nikapangiwa Jiografia kidato cha tatu, na mada mojawapo ni kusoma picha. Nikajiambia, kitabu cha shule kina picha za mashamba ya Ulaya, kwa nini nisiwaonyeshe watoto mto wao wenyewe kutoka angani? Picha za Landsat ni za bure tangu 2008, na satelaiti ya kwanza ya familia ile ilirushwa 1972. Kabla ya kuondoka chuo nikakaa wiki nzima usiku nakula intaneti ya chuo. Nikashusha picha 64. Picha moja inafunika eneo la karibu kilomita 185 kwa 180, na faili lake zima linaweza kukaribia gigabaiti moja. Diski ya kuazima ya rumeti wangu ikajaa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Picha ya Landsat haiji kama picha ya simu. Inakuja vipande vipande, kila kipande ni aina moja ya mwanga, na wewe unaviunganisha kwenye programu (mimi natumia QGIS, nayo ni ya bure) upate picha ya rangi. Nikaunganisha nyingi, na kila iliyokuwa tayari nikaipa jina. Majina yenyewe hayo hapo: katavi1, katavi2, katavi_nzuri, katavi_mto, katavi_mto_safi, katavi_mwisho, katavi_mwisho_kabisa. Kwenye laptopu nikabeba hizo tu, diski nikamrudishia mwenyewe. Nikajiona mjanja.

Darasani nikawaonyesha mbili. Ya kwanza, ya miaka ya nyuma, mbuga yote kijani na maji yametapakaa. Ya pili, ya karibuni, kila kitu kikavu, mto hauonekani. Nikasema kwa sauti ya kiprofesa: "Mnaona? Mto umekufa. Huko juu watu wanauziba kwa ajili ya mashamba ya mpunga."

Wadau, darasa lilinyamaza. Halafu wote wakageuka kumtazama kijana mmoja wa dawati la nyuma. Sikuelewa. Mapumziko yalipofika ndipo nikasikia wenzake wanamwita "mwua viboko". Kumbe baba yake analima mpunga huko juu ya mto. Kesho yake hakuja shule.

Nikajifariji kwamba nimesema kweli, na ukweli unauma. Na si kwamba nilitunga. Watafiti wameshaandika kwamba kuchepusha maji ya Katuma kwa ajili ya umwagiliaji kumeupunguzia mto maji wakati wa kiangazi. Jambo lenyewe lipo. Ila ushahidi nilioutoa mimi ulikuwa mwingine.

Jioni ile nilikuwa nimekaa nje na mzee mwenye nyumba niliyopanga chumba. Nilikuwa nimeshachapisha zile picha mbili kwenye steshenari ya Mpanda, nikampa aone. Akazisogeza kwenye taa, akazigeuza geuza.

"Mjukuu wangu, hii ya pili umeipiga lini?"

"Siyo mimi, Babu. Satelaiti. Ni ya juzi juzi tu."

"Mwezi gani?"

Nikanyamaza.

Akaweka kidole kwenye madoa meusi yaliyotapakaa msituni. Mimi nilidhani ni vivuli vya mawingu. "Hapa pameungua. Na moto huku unaanza nyasi zikishakauka, mwezi wa sita, wa saba, kwenda mbele. Sasa hii ya kwanza nyasi mbichi, maji mpaka huku. Hii masika ndiyo kwanza inaisha. Unalinganisha mtu aliyeshiba na mtu mwenye njaa, halafu unasema huyu wa pili anaumwa?"

Jamani. Mzee ambaye hajawahi kushika kompyuta alizisoma zile picha kuliko mimi niliyezitengeneza. Nikaingia ndani, nikafungua laptopu, nikaanza kutafuta tarehe. Hakuna. Nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe siku niliyoandika "katavi_mto_safi".

Siku mbili baadaye nilikuwa na kipindi cha mwisho. Nikasimama mbele ya kidato cha tatu nikawaambia nilikosea, picha zile ni za misimu miwili tofauti, hazithibitishi nani kaua nini. Nikatamka jina la yule kijana (alikuwa amerudi) nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Hakusema kitu, alitikisa kichwa tu. Kuna mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, mto haupungui?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo swali zuri, na kulijibu kunataka picha zilizopangwa. Swali lile nimekuja nalo mpaka huku chuo.

Basi niliporudi nikamwangukia rumeti miguuni. Bahati nzuri mafaili ya asili alikuwa hajayafuta. Wiki tatu nimekuwa nayapanga upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, jina la asili usiliguse. Linaonekana kama namba ya injini ya gari lakini kila kitu kimo. LT05 ni Landsat 5, LE07 ni Landsat 7, LC08 ni Landsat 8. Zinafuata tarakimu sita za njia na mstari, yaani mahali. Halafu tarehe mbili. Ya kwanza ni siku picha ilipopigwa, ya pili ni siku ilipochakatwa. Msizichanganye, maana picha ya 1987 inaweza kuwa na tarehe ya pili ya 2020. Na lile faili dogo la maandishi lenye MTL kwenye jina lake ndilo cheti cha kuzaliwa: lina tarehe, saa na kiasi cha mawingu.

Pili, folda zangu sasa ni mwaka, halafu msimu. Kule Katavi mvua ni kama Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo picha ya Januari haiingii folda moja na ya Septemba hata kama ni za mwaka mmoja. Oktoba inalinganishwa na Oktoba.

Tatu, faharasa. QGIS ina kifaa cha kutengeneza tabaka moja lenye mstatili kwa kila picha, na jedwali linaloonyesha faili liko wapi. Nikaongeza safu za tarehe, satelaiti na mawingu. Sasa sifungui picha 64 kwa pamoja mpaka feni ilie. Nafungua faharasa, nachuja "Oktoba, mawingu chini ya asilimia 10", zinabaki chache, ndizo nafungua. Na tangu toleo la 3.14 la mwaka 2020 unaweza kuzipa tabaka zako tarehe, ukazitazama zikipita moja baada ya nyingine kama sinema.

Nne, kuna faili linaitwa VRT. Ni maandishi tu yanayosema "picha hii iko hapa, ile iko pale", ila QGIS inalionyesha kama picha moja kubwa. Halijazi diski. Ila ukihamisha folda ovyo linapotea njia. Na angalieni mfumo wa vipimo. Landsat za kwetu, ingawa tuko kusini mwa ikweta, huja na UTM kanda ya 36 Kaskazini, wakati Sentinel-2 huja na kanda ya 36 Kusini. Kwenye skrini zinapangana vizuri, kwenye VRT moja zinagoma.

Tano, andika kasoro. Landsat 7 iliharibika kifaa tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo picha zake zikawa na mistari mitupu, karibu asilimia 22 ya kila picha haipo. Mtu asiyejua ataona mistari kwenye mbuga na kudhani ni barabara za majangili.

Je, swali la yule mwanafunzi? Nimeweka Oktoba kwa Oktoba, na hadithi haijanyooka kama nilivyoihubiri darasani. Kuna mwaka madimbwi yanaonekana, kuna mwaka ni tope tupu. Na pikseli moja ya Landsat ni meta 30, wakati kiangazi Katuma penyewe pale kijijini ni mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo "mto hauonekani" mara nyingine ni macho ya satelaiti tu. Sentinel-2 ina pikseli za meta 10, lakini imeanza 2015, haiwezi kunisimulia ya zamani. Kinachoonekana vizuri zaidi ni kijani cha mashamba wakati kila kitu kingine kimekauka. Hicho ndicho nitakachokifuata, mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya tasnifu.

Bumu likitoka nachapisha picha sita, zote za Oktoba, kila moja na tarehe yake kwa herufi kubwa, nazituma Sitalike kwa basi. Nakala moja ni ya darasa. Nyingine ni ya Babu, maana nina uhakika ataona kitu ambacho mimi bado sijakiona.

Haya wadau, kesho nina jaribio la Saikolojia ya Elimu na sijagusa daftari. Mwenye folda inayoitwa "mpya_mwisho_kabisa2" aamke sasa hivi akaibadilishe jina. Alamsiki.