Kwa Mpwa Wangu Aliyepasuliwa Goti

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma kwa furaha na hofu pamoja. Nimefurahi kuwa umeyaacha magongo na unapanda ngazi bila ya kushika ukuta. Lakini pale uliposema ya kwamba huu ni mwezi wa tatu tangu upasuliwe, huoni tena maumivu, na wenzio wanakutaka katika mashindano ya mchangani walau kwa kipindi cha pili, hapo ndipo nilipoitafuta kalamu.

Ukano uliokatika ndani ya goti lako mara nyingi hauungi wenyewe, na kwa sababu hiyo tabibu alichukua kipande cha ukano mwingine nyuma ya paja lako akakipandikiza mahali pake. Kipande hicho kimetengwa na damu iliyokuwa ikikilisha, kwa hiyo hudhoofika kwanza, kisha mishipa midogo ya damu huota ndani yake taratibu, nacho hubadilika kwa muda wa miezi mingi mpaka kiweze kazi ya ukano wa asili. Basi tazama hadaa iliyomo katika jambo hili: wakati ambapo kovu limefunga, uvimbe umekwisha na moyo umejaa ghera, ndio wakati ambapo ukano mpya ungali dhaifu. Maumivu yamekwisha kweli, wala sikutuhumu uongo; ila kutoumwa si idhini ya kucheza.

Yule Ronaldo wa Brazili, ambaye wewe humjui ila kwa sifa, aliumia goti mwezi wa Novemba 1999 alipokuwa akichezea Inter Milan. Ukano wake ulikuwa ule wa chini ya pia ya goti, si huu wako, lakini ibra ni ile ile. Tarehe 12 Aprili 2000 alirudishwa uwanjani mjini Roma, katika fainali ya kombe dhidi ya Lazio, akiingia kipindi cha pili kama unavyotaka kuingia wewe. Na baada ya dakika chache, akiwa na mpira mguuni, hakuna aliyemgusa, ukano ule ukakatika kabisa, akaanguka akilia mbele ya umati. Msimu mzima uliofuata hakucheza. Watu hupenda kusimulia mabao yake manane ya Kombe la Dunia la 2002. Mimi nataka uzitafakari zile dakika za Roma.

Na mfano wa subira uko hapa jirani: Mkenya David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, aliyakosa mashindano ya Moscow ya mwaka 2013 kwa ajili ya goti, akakubali kushindwa Glasgow mwaka 2014, kisha akatwaa dhahabu Beijing mwaka 2015 na Rio mwaka 2016.

Wataalamu wa Oslo na Delaware walichapisha mwaka 2016 kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, hadi kufikia mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa kiasi cha nusu. Ama hao uliowataja katika barua, waliokuja na mafuta ya nyonyo wakitaka kulikanda goti wana mapenzi, nami sina ugomvi na mafuta. Ugomvi wangu ni na mikono yao.

Kazi yako sasa ni paja. Kunja taulo, iweke chini ya goti, uikandamize mpaka uone musuli umekaza, kisha inua kisigino. Fanya hivyo asubuhi na jioni hata ukichoshwa na udogo wa jambo lenyewe, kwani musuli huo, uliosinyaa sasa, ndio mlinzi wa ukano mpya. Mwombe mama yako futi yake ya cherehani, upime mapaja yote mawili juu kidogo ya pia ya goti. Na madhali sijida inakulazimisha kulikunja goti kabla halijawa tayari, swali kitini bila ya haya. Sheria imemruhusu mgonjwa.

Waambie wenzio leo kwamba huchezi msimu huu, usiwaache wakikutarajia, kisha uniandikie vipimo vya mapaja yote mawili, hata kama havikupendezi.

Wasalaam,
Mjomba wako, Tanga